Risala ya Chama cha Drama kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Maonyesho ya Shule

Mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Mama, ulipoukubali mwaliko wetu ulitupa sharti moja tu: tusikusomee wasifu wako, bali tumchague mwigizaji mwingine wa kike, tuichunguze kazi yake, kisha tukueleze tulichokikuta. Tumemchagua Lupita Nyong'o. Baadhi yetu walinung'unika kwamba anajulikana mno, na kwamba hakuna asiyeiona ile picha yake akiwa na sanamu ya Oscar mkononi. Ni kweli, lakini tulipoulizana alikuwa akifanya nini kabla ya usiku huo, chama kizima kilinyamaza.

Lupita alizaliwa tarehe 1 Machi 1983 jijini Mexico City, ambako baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alikuwa akifundisha baada ya kuihama Kenya kwa sababu za kisiasa. Ndivyo binti wa Kijaluo alivyopata jina la Kimexico. Familia ilirejea nyumbani akiwa bado mchanga. Akiwa na miaka 14 aliigiza Juliet jijini Nairobi pamoja na kikundi cha Phoenix Players, na alipofika miaka 16 wazazi wake walimpeleka Mexico kwa miezi saba ajifunze Kihispania. Hatufichi kwamba binti wa profesa hufunguliwa milango ambayo wengi wetu tunaipita nje tu. Hata hivyo, mlango ukishafunguliwa, kazi ya ndani hufanywa na aliyeingia, na kazi hiyo ndiyo tuliyotaka kuijua.

Filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa humu nchini mwaka 2004, Lupita alikuwepo, lakini si mbele ya kamera: alikuwa msaidizi wa utayarishaji, mtu wa kutumwa huku na huko. Alipomweleza mwigizaji Ralph Fiennes kwamba angependa kuigiza, alijibiwa kwamba aiingie kazi hiyo iwapo tu anahisi hawezi kuishi bila hiyo. Wenzetu wa kidato cha kwanza waliona jibu hilo ni la kumvunja mtu moyo. Mlezi wetu alishikilia kwamba ndilo jibu la heshima, na mjadala huo haujaisha hadi leo.

Mwaka 2009 ilitoka In My Genes, filamu yake ya hali halisi kuhusu Wakenya wanaoishi na ualbino, ambayo aliiongoza mwenyewe, na mwaka huohuo akaonekana kwenye runinga katika tamthilia ya Shuga. Kisha akarudi darasani, safari hii katika shule ya drama ya Chuo Kikuu cha Yale. Huko alikuwa mwigizaji wa akiba katika Eclipsed, mchezo wa Danai Gurira kuhusu wanawake katika vita vya Liberia. Tunaomba utuwie radhi tukikaa hapa kidogo, kwa kuwa chamani mwetu wapo wanaolia wakipewa nafasi ya akiba. Mwigizaji wa akiba hukariri maneno yote, hufuata mazoezi, kisha huenda akakaa pembeni mchezo ukiendelea. Mwaka 2016 Lupita aliucheza mchezo huohuo Broadway, kwenye kumbi kuu za maigizo jijini New York, akiwa mhusika mkuu, akateuliwa kuwania Tony, tuzo ya michezo ya jukwaani.

Alikuwa karibu kuhitimu Yale mwaka 2012 alipopata nafasi ya Patsey, mwanamke mtumwa, katika filamu ya 12 Years a Slave, na tarehe 2 Machi 2014, siku moja baada ya kutimiza miaka 31, akawa Mkenya wa kwanza kushinda Oscar kwa uigizaji. Ya Black Panther kila mtu anayajua. Sisi tulimpenda zaidi katika Queen of Katwe, akiwa mama anayeuza mboga Kampala, mama wa msichana mcheza sataranji. Kule hakuna mavazi ya kung'aa, ni sura na sauti tu.

Yako mambo mawili yaliyotugusa nje ya uigizaji wenyewe. Amesimulia kwamba utotoni alimwomba Mungu aamke akiwa mweupe, na mwaka 2019 akaandika kitabu cha watoto kiitwacho Sulwe, yaani nyota kwa Kijaluo, kuhusu msichana mweusi kuliko wote nyumbani kwao. Tena Oktoba 2017 aliandika katika gazeti la New York Times jinsi mtayarishaji Harvey Weinstein alivyomsumbua tangu alipokuwa mwanafunzi.

Kwa sababu hiyo, Mama, ombi letu la kwanza si la fedha. Tunaomba utusaidie kuwashawishi walimu na wazazi kwamba mwanachama yeyote anayeitwa kwenye usaili wa filamu au runinga, hata wikendi, aandamane na mtu mzima wa shule. La pili ni jukwaa. Tunafanyia mazoezi katika bwalo la chakula, na saa kumi na mbili tunafukuzwa na sufuria za ugali.

Mchezo utaanza sasa hivi. Tumekuwekea kiti upande wa kulia, kwa maana taa ya kushoto haiwaki.

Ni sisi wanachama wa Chama cha Drama.