Kabla ya Kupima Magadi Soda, Angalia Kama ni Unga au Fuwele

Malalamiko mengi tunayopokea kuhusu magadi soda yanafanana. Mteja ametumia kipimo kilekile cha siku zote, lakini pH (kipimo cha uasidi au ualkali) ya bwawa la kuogelea haikupanda, au rangi imetoka yote kwenye kitambaa cha pamba mara tu kilipofuliwa. Anadhani tumemuuzia mzigo uliochakachuliwa. Sisi humuuliza kwanza: safari hii umetumia unga au fuwele?

Magadi soda, ambayo wanakemia huiita sodiamu kaboneti (Na2CO3), huuzwa kwa sura zaidi ya moja. Unga mweupe mkavu ni Na2CO3 tupu. Zile fuwele kubwa zinazopitisha mwanga ni chumvi hiyohiyo, ila kila Na2CO3 moja imeshikamana na molekuli 10 za maji. Ukizishika ni kavu kabisa, lakini mizani inayahesabu maji hayo. Kilo moja ya fuwele ina takriban gramu 630 za maji, na magadi yenyewe ni gramu 370 tu. Kwa hiyo maelekezo yakitaka gramu 100 za unga, utahitaji fuwele gramu 270 hivi. Anayechota unga kwa kipimo cha fuwele ndiye anayetutia wasiwasi zaidi, maana amezidisha karibu mara 3.

Kama lebo imefutika, mimina kijiko cha magadi kwenye maji kidogo na ushike chombo kwa nje. Unga mkavu hutoa joto unapoyeyuka. Fuwele huyapoza maji. Unga umwage polepole huku ukikoroga, la sivyo hutuama chini na kuwa bonge gumu kama jiwe. Maji ya vuguvugu yanatosha. Magadi huyeyuka kwa wingi zaidi kwenye nyuzi 35 hivi za Selsiasi, na kuchemsha maji hakuongezi kiasi kinachoweza kuyeyuka.

Kuhifadhi nako kuna mambo yake. Fuwele zikiachwa wazi kwenye hewa kavu hupoteza maji na kufunikwa na vumbi jeupe, na hapo hakuna anayeweza kukisia kwa macho zimebakiza nguvu kiasi gani. Unga hufanya kinyume: hunyonya unyevu na kuganda. Unga ulioganda haujaoza, uponde uutumie, ila kwa kazi ya vipimo makini fungua mfuko mpya.

Kazi zake nyingi zinatokana na ukali wake wa wastani: maji yaliyoyeyushwa magadi haya huwa na pH ya 11 hivi. Hali hiyo hulegeza mafuta na uchafu, na ndiyo inayoziwezesha rangi za nguo ziitwazo riaktivu kuungana na nyuzi za pamba. Sufu na hariri, kwa upande wake, huharibika. Kwenye maji magumu, magadi huikamata kalsiamu na kuifanya ituame kama chokaa, ndipo sabuni inapotoa povu. Viwandani, mnunuzi mkubwa ni watengenezaji wa vioo, kwa sababu mchanga peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 1,700 hivi, na magadi hushusha joto hilo kwa mamia ya nyuzi.

Tunaombwa pia magadi soda badala ya kostiki soda kwa ajili ya kutengeneza sabuni. Hapana. Magadi hayana ukali wa kugeuza mafuta ya kupikia kuwa sabuni. Utabaki na mchanganyiko wa mafuta na maji. Soda ya kuokea nayo ni kitu kingine, ni bikaboneti, na ni laini zaidi, pH yake ikiwa 8 na kidogo.

Vaa glavu na miwani, hasa ukimimina unga, kwani vumbi lake huwasha macho na koo. Usiloweke vyombo vya alumini, vitaliwa na kuwa vyeusi. Usichanganye na tindikali kwenye chombo kilichofungwa, maana gesi ya kabonidayoksaidi itakipasua.

Unapoagiza, tuandikie kazi unayotaka kufanya na sura ya magadi iliyotajwa kwenye maelekezo yako. Kama maelekezo hayasemi, tutumie picha ya ukurasa huo kabla hatujafunga mzigo.