Barua kwa mwanangu: ngazi kwanza, bandari baadaye

Mwanangu,

Umeshika kazi ya babu yako, ya kuingiza meli bandarini. Usidhani hatari kubwa iko kwenye miamba ya mlangoni. Iko kwenye ngazi ya kamba unayoipanda kutoka boti hadi melini, kabla hujatoa amri hata moja.

Itazame ukiwa bado ndani ya boti. Vidato vilale sawa na visipakwe rangi, maana rangi huficha ubovu. Vinne vya chini ni vya mpira. Cha tano ni kile kirefu, kisichopungua mita 1.8, kinachozuia ngazi isijipindue. Kamba ya kuvutia ngazi isifungwe chini ya hicho kirefu, la sivyo boti itainasa. Ngazi ifungwe kwenye pete za sitaha, kamwe si kwenye reli. Na kama kutoka majini hadi unapoingilia ni zaidi ya mita 9, dai iunganishwe na ile ngazi ngumu ya meli inayoshushwa ubavuni. Ikiwa mbovu, ikatae. Nahodha atalalamikia muda, mwache alalamike.

Mwombe akupe upande wa demani, usiopigwa na upepo. Vuka boti ikiwa kileleni mwa wimbi. Ukishika ngazi boti ikiwa chini, itainuka na kukuponda miguu. Ukishaikanyaga, panda upesi vidato kadhaa bila kusita, mikono ikishika kamba za pembeni. Mkoba utavutwa kwa kamba yake. Jaketi la kuokolea livaliwe na kufungwa tangu gatini.

Darajani, chumba cha kuongozea meli, kahawa ingoje. Muulize nahodha meli imezama kiasi gani omo (mbele) na tezi (nyuma), injini huchukua muda gani kugeuzwa kwenda nyuma, na kipi kimeharibika. Penye maji haba, mwendo huizamisha meli zaidi: ukishuka kutoka noti 10 (maili za baharini kwa saa) hadi 5, uzamaji huo hubaki kama robo. Ukikaribia ukingo wa mlango, tezi huvutwa ukingoni na omo husukumwa mbali nao. Propela ya mkono wa kulia, yaani inayozunguka kisaa ukiitazama kutoka nyuma meli ikienda mbele, ikirudisha nyuma, tezi huenda kushoto. Lijue hilo kabla hujakaribia gati.

Mshika usukani akirudia amri yako, usiridhike na sauti. Tazama mshale unaoonyesha pembe ya usukani. Hutokea mtu akajibu "kulia kumi" huku mkono wake unazungusha kushoto, hasa alfajiri, mkiwa nyote mmechoka.

Baba yako