YAH: MALALAMIKO KUHUSU BAMBA LA KIBODI MLILOLIHARIBU NA NAMNA NILIVYODHALILISHWA KAUNTANI KWENU

Nyegezi, Mwanza

Kwa Meneja,
Karakana ya Kukata Chuma kwa Leza,
Nyakato, Mwanza.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, msimamizi wenu wa kaunta alichukua swichi yangu (kidude kinachokaa chini ya kila kitufe cha kibodi), akaiweka juu ya bamba mlilonikatia kwa ajili ya kibodi ninayojitengenezea, akaigonga kwa mpini wa bisibisi mpaka ikavunjika miguu, kisha akawageukia watu waliokuwa kwenye foleni akasema, "Dada huyu anataka kutengeneza kompyuta kwa bati." Watu wakacheka. Nimekaa siku nne nikitafuta namna ya kuandika barua hii kwa adabu, na nitajitahidi.



Faili la mchoro nililowaletea lilikuwa limejitosheleza. Alumini, unene wa milimita 1.5. Matundu ya mraba, milimita 14 kwa 14. Kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu la jirani, 19.05. Vipimo hivi sikuviota. Ndivyo swichi za aina ya Cherry MX zinavyotaka. Nikaandika kabisa pembeni ya mchoro kwamba leza inakula chuma kidogo ukingoni, hivyo fundi airekebishe mashine ili tundu likishakatwa libaki 14. Mmenikabidhi bamba la milimita 2, na nilipopima matundu kwa vernia, kile kipimo cha sehemu ndogo za milimita, nikapata 14.3.

Msimamizi wenu aliniuliza hiyo nusu milimita inaniuma nini. Namjibu sasa, kwa kuwa siku ile hakunipa nafasi. Swichi ina vijino viwili, kimoja kila upande. Inapoingia kwenye tundu vijino vinabonyea, na ikishapita unene wa bamba vinafunguka na kushika kwa chini. Hapo unasikia "tak", na hata ukiligeuza bamba juu chini swichi haidondoki. Kwenye milimita 2 vijino havifiki upande wa pili, havina pa kushika. Na tundu likiwa 14.3 swichi inacheza kama jino bovu. Kibodi yangu haina bodi ya saketi ya kusaidia kwa chini. Nyaya naunganisha kwa mkono, swichi moja baada ya nyingine. Bamba ndilo linaloshika kila kitu. Bamba likiwa bovu, hakuna kibodi.

Halafu kuna tundu la 61, na hili ndilo lililonifanya nikose usingizi tangu Jumatano jioni, nilipofungua mzigo nyumbani.

Mimi nachapa kwa riziki. Mikataba ya viwanja, barua za kazi, maombi ya mikopo, mitihani. Wateja wangu wengi ni Wasukuma na mnajua majina yalivyo: Ng'wandu, Ng'washi, na anuani za Nyang'hwale. Kila jina lina ritifaa, yaani ile alama ya ('), na kwenye kibodi za dukani ritifaa iko mwisho wa mstari, kwa kidole kidogo cha kulia. Kidole hicho sasa kinaniuma mpaka kwenye kiwiko. Ndiyo maana nilichora kibodi yangu: mistari 5 ya vitufe 12, na kimoja peke yake chini, chini ya kidole gumba, cha ritifaa. Nilikata boksi la sabuni kwanza, nikalitoboa, nikaweka mikono juu yake jioni nyingi nikisogeza hilo tundu moja hadi gumba likaacha kulitafuta. Bamba lenu lina matundu 60. Nilipopiga simu Jumatano hiyohiyo nikaambiwa, "Hilo moja lilikaa vibaya, tukaliondoa." Mkaliondoa! Bila kunipigia, na namba yangu ya simu iko juu ya oda.

Kijana wa mashine simlaumu. Alinifuata nje akaniambia kwa heshima kwamba alumini ya 1.5 iliisha na akaamriwa akate iliyopo.

Narudi kwenye Alhamisi. Nilifika na bamba na swichi kumi nilizozifunga kwenye kitambaa. Nikasema, "Shikamoo kaka, samahani, naomba upime mwenyewe." Vernia ilikuwa mezani mbele yake, hakuigusa. Akalilaza bamba juu ya meza ya chuma, akaweka swichi kwenye tundu, akashika bisibisi. Nikamwambia, "Kaka usigonge, chini kuna miguu." Akagonga. Nikasema tena. Akagonga mara ya pili na ya tatu. Miguu ya swichi ni viwaya viwili vya shaba, vyembamba kuliko njiti ya kiberiti. Kimoja kilijikunja, kingine kilikatika kikaanguka chini. Ndipo akasema yale maneno yake ya bati. Wakati watu wanacheka mimi nilikuwa nimeinama nakitafuta kile kipande sakafuni, katikati ya viatu vyao. Mmoja wao ni mwalimu anayeniletea mitihani nimchapie. Hakucheka, aliangalia pembeni, na hilo liliniuma zaidi.

Siku ile nilichotaka ni kukatiwa upya tu. Nilipoanza barua hii bado nilikuwa nataka hivyo: milimita 1.5, matundu 61, yapimwe mbele yangu kabla sijaondoka. Lakini swichi niliagiza China, zinauzwa kwa pakiti, siwezi kununua moja. Kwa hiyo na pakiti mnilipe. Na nauli za Nyegezi hadi Nyakato, mara nne. Na msimamizi aniombe radhi palepale kaunta, foleni ikiwepo, kwa sauti ileile aliyotumia.

Na nikizidi kufikiri, sitaki tena mnikatie nyinyi. Rudisheni pesa yangu yote, shilingi 85,000, pamoja na hayo mengine niliyotaja, ndani ya siku saba tangu mpokee barua hii. Siku ya nane nitaipeleka Tume ya Ushindani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji, na mimi ni mlaji. Wasiponisikiliza, nitafungua madai Mahakama ya Mwanzo. Hati za madai huwa nawachapia watu, najua zinavyoandikwa.

Bamba ninalo. Risiti ninayo. Swichi na kipande chake cha mguu nimevitia kwenye bahasha, nikaandika tarehe juu yake.

Mteja wenu,
mwenye oda ya matundu 61.