Unga wa shangazi si wa kukemewa msibani

Mhariri,

Mama tulimzika Ndanda mwezi wa Agosti, mikorosho ikiwa na maua. Padre alinyunyiza maji ya baraka kaburini, jioni tukasali rozari. Siku ya kuanua matanga shangazi akachota unga wa mtama, akaumimina taratibu chini ya mti, ukasimama kama kichuguu kidogo, huku akiwaita wazee wetu kwa majina. Kijana mmoja wa kigangoni, kanisa dogo lililo chini ya parokia, akamkemea mbele ya wageni: "Ushirikina!" Shangazi, mbatizwa tangu utotoni, alilia sana.

Hata kanisani, kila Novemba 2 tunawaombea marehemu wote, nasi huwataja majina misani, kama shangazi alivyowaita wazee. Nawasihi mapadre wetu wakae na wazee, wawasikilize, kabla ya msiba mwingine.

Msomaji wenu,
Masasi, Mtwara