Nani anahesabu ghorofa huku Pipeline?

Mhariri,

Nakuandikia nikiwa kwa nyumba huku mtaa wa Pipeline, Nairobi, ni saa saba mchana na taa imewaka. Si ati kuna mawingu, nje jua linachoma hadi wauza matunda wamefungua miavuli, lakini dirisha langu siku hizi linaangalia ukuta, na huo ukuta nikinyoosha mkono naugusa.

Vile nilihamia hapa 2019 hapo mbele kulikuwa na ploti wazi. Watoto walikuwa wanapigia mpira hapo, kina mama wanaanika nguo, jioni kuna mama mmoja alikuwa anakaanga mihogo. Halafu siku moja ikazungushwa mabati na bango likasimamishwa. Hilo bango nililisoma vizuri kwa sababu nimefanya kazi ya mjengo miaka minne kabla niingie kiwandani, najua linafaa kusema nini, na lilisema ghorofa tano. Leo nimehesabu nane. Na kule juu wameacha vyuma vya nguzo vimesimama, mtu yeyote wa mjengo atakwambia vyuma vikiachwa hivyo mwenyewe bado ana nia ya kupanda.

Naomba nieleze maisha ya nyumba isiyo na mwanga ni aje, kwa sababu naamini wanaopitisha ramani hawajawahi kulala kwa moja. Tokeni za mia tatu zilikuwa zinanimalizia mwezi, siku hizi naongeza mia mbili na bado stima inazima kabla tarehe ya mshahara, manake balbu inawaka kuanzia asubuhi. Nguo hazikauki, ukianika kwa korido siku ya tatu zinaanza kunuka, ukizipeleka rufu kamba zimejaa na kuna wezi, kwa hivyo lazima mtu akae hapo azilinde na huyo mtu mara nyingi ni mtoto ambaye angekuwa anafanya homuwaki. Ukuta wa nyuma ya kitanda umeota ukungu mweusi, nikiupangusa unarudi wiki inayofuata. Kijana wangu ana miaka sita, akianza kukohoa usiku sisi wote tunakaa macho, na daktari aliponiuliza kama nyumba inaingiza hewa nilikosa la kumjibu. Jirani akiwasha jiko la makaa kwa korido moshi unakaa hapo hapo, hauna pa kutokea. Tunajua hewa ya makaa inaweza kuua mtu akiwa amelala, na bado ndiyo tunavuta.

Kuna hesabu moja huku kila mpangaji anaijua. Ukikaa chini maji yako karibu lakini mwanga hakuna, ukikaa juu mwanga upo na upepo upo lakini kila mtungi wa lita 20 unaubeba kwa ngazi hadi ghorofa ya saba, lifti hakuna. Nimeona dada mwenye mimba kubwa akipanda na mtungi, anauweka kila ghorofa, anashika kiuno, anapumua, anauinua tena. Nilimsaidia hadi kwa mlango lakini hiyo picha imekataa kunitoka. Mtu analipa kodi kila mwezi bila kukosa, kwa nini alazimishwe kuchagua kati ya maji na jua?

Watu husema ni tamaa ya malandilodi. Tamaa ipo, lakini tuangalie pia yule anayesimamia, kwa sababu landilodi hufanya kile ameona kinapita. Ploti za huku zilikatwa ndogo tangu mwanzo, mwenye ploti amechukua loni, anahesabu vyumba. Kila futi anayoacha wazi kando ya jengo ni chumba amepoteza, mara ghorofa nane, kwa hivyo hataacha kama hakuna wa kumlazimisha. Na wa kumlazimisha ni kaunti. Katiba ya 2010 ndiyo iliwapa kaunti kazi ya mipango na nyumba, halafu sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 ikawapa nguvu ya kukubali ramani, kuikataa, na kusimamisha ujenzi. Kanuni za ujenzi tulizokaa nazo muda huo wote zilikuwa za 1968, sasa kumetoka mpya za 2024. Kwa karatasi hatujakosa kitu. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya nyumba inayofaa na usafi wa kiwango cha kuridhisha, na mimi hicho kifungu sikisomi kama maneno ya wanasheria, nakisoma kama ahadi niliyopewa mimi na watoto wangu.

Shida kubwa ni wakati. Jengo halifichiki bana. Kila slabu ni siku nzima ya kelele, mashine ya kukoroga inanguruma, watu thelathini wanapokezana karai, lori za kokoto zimeziba barabara. Ile slabu ya ghorofa ya sita ilipomwagwa mtaa wote ulisikia. Kama mtaa wote ulisikia, mkaguzi alikosaje kusikia? Anafaa kuja msingi ukichimbwa, arudi nguzo zikisimama, arudi kabla ya kila slabu, lakini tulichozoea sisi ni X ya rangi nyekundu, ile ya kusema jengo libomolewe, ikija baada ya watu kuhamia.

Mnakumbuka mtaa wa Huruma, hapa hapa Nairobi. 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, nyumba ya ghorofa sita kando ya mto ikaanguka na watu karibu 50 wakafa. Kuna mtoto mchanga alitolewa kwa vifusi akiwa hai baada ya zaidi ya siku tatu, tulilia mbele ya tivi siku hiyo, wengine hatukuwa na mtu wetu pale lakini tulilia. Hiyo nyumba ilikuwa tayari imewekwa kwa orodha ya kubomolewa, na vyumba vyake vilikuwa vimejaa wapangaji! Walihamia aje? Nani aliwapa funguo? Tangu hapo nyumba nyingi zimechorwa X, na mpangaji akirudi jioni akute X kwa ukuta wake anabaki kujiuliza ataenda wapi na nani atamrudishia depositi.

Hapo kwa depositi kuna jambo wengi hawajui na linanikera sana. Kenya tuko na sheria ya kulinda wapangaji, ni ya 1959, na iko na baraza lake la kuamua kesi za kodi. Lakini inamlinda tu yule ambaye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Elfu mbili mia tano, Nairobi ya leo! Hiyo pesa huku kwetu hupati hata singo ya chini isiyo na dirisha. Mimi nalipa 6,500, majirani zangu wa ghorofa nzima wanalipa hapo hapo, kwa hivyo mbele ya hilo baraza hatupo, landilodi akipandisha kodi kesho ama akikataa na depositi kila mtu anajipigania. Hiyo namba moja ikibadilishwa bungeni ingefikia watu wengi sana mjini hapa, na haihitaji simiti wala tenda.

Kwa payslipi yangu kila mwezi kunakatwa asilimia 1.5 ya mshahara ya kujenga nyumba za bei nafuu, mwajiri naye anaongeza kiasi hicho hicho, ndiyo sheria ya 2024. Sijaandika kulalamikia makato. Zile nyumba mpya za mpango huo kule Mukuru naziona nikienda kazini Industrial Area na nawafurahia waliopata. Lakini wengi wetu tutabaki wapangaji wa watu binafsi miaka mingi bado, na tukizungumza nyumba nchi hii tunazungumza zile zitakazojengwa, hizi ambazo tayari watu wanalala ndani hakuna anayezitaja hadi zianguke.

Nina shangazi anakaa Kaloleni, huku huku Eastlands. Zile nyumba zilijengwa miaka ya 1940, ni za chini, zimezeeka, na ziko na shida zake nyingi. Siusifu ukoloni, ulitubagua hadi ukatuamulia upande wa mji tutakaolala. Lakini aliyechora Kaloleni aliacha nafasi wazi kati ya nyumba, na miti, na kijana wangu akienda kwa shangazi wikendi anakimbia hadi jioni na usiku halali akikohoa. Kama serikali iliyotubagua ilijua mtu wa Eastlands anahitaji hewa, hii tunayoipigia kura wenyewe inakosaje kujua?

Ninachoomba kaunti kinawezekana mwezi huu. Idadi ya ghorofa zilizokubaliwa iandikwe kwa bango kwa maandishi makubwa, na namba ya simu ambayo kuna mtu anaishika. Orodha ya ramani zilizopitishwa ibandikwe kwa ofisi ya kila wadi, sisi wapangaji tuko hapa mchana na usiku, tutahesabu wenyewe bila kulipwa. Yale matangazo ya kubadilisha matumizi ya ploti ambayo hutoka kwa magazeti kwa herufi ndogo na Kiingereza kigumu yatoke pia kwa Kiswahili, yabandikwe kwa geti za majirani, kwa sababu mama wa mihogo angekuwa wa kwanza kwenda kupinga kama angejua anaruhusiwa. Na ghorofa ikizidi zile za kibali asimamishwe mwenye jengo siku hiyo ya slabu, si mpangaji atolewe na tingatinga miaka mitatu baadaye akiwa na watoto na godoro barabarani.

Mhariri, kama una mpiga picha naomba umtume. Asije jioni, manake jioni kila nyumba ina taa na huwezi kujua tofauti. Aje saa sita mchana, apande hadi ghorofa ya tatu, mke wangu yuko atamfungulia, halafu tuzime balbu na ajaribu kupiga hiyo picha.

Mpangaji,
Pipeline, Nairobi