Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mafunzo ya Walimu Kazini: tuletee mtu, semina sasa basi

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MSAADA KWA WALIMU WANAOFUNDISHA MTANDAONI

Kwa heshima nakuandikia hadharani, kwa sababu jambo hili limeshasemwa mara nyingi kwenye vikao vya ndani na likaishia kwenye mihtasari ya vikao hivyo. Ombi langu ni moja. Fedha zinazotengwa kila mwaka kwa semina za siku mbili za ufundishaji wa mtandaoni, au hata nusu yake, zielekezwe kwa watu: walimu wenzetu wazoefu, waliopunguziwa vipindi vyao, waingie kwenye madarasa yetu ya mtandaoni, watutazame tukifundisha, kisha wakae nasi tuzungumze tulichokiona. Wiki baada ya wiki, muhula mzima.

Semina zenyewe unazifahamu, maana taarifa zake zinafika mezani kwako. Asubuhi ya kwanza inaisha watu wakihangaika na nenosiri. Mchana tunafundishwa kuonyesha skrini, kupakia kazi za wanafunzi, kuwagawa katika vyumba vidogo, kuzima maikrofoni zote kwa mpigo. Siku ya pili ni yale yale, kwa haraka zaidi. Jioni picha ya pamoja, cheti, kwaherini. Mwezeshaji hatumwoni tena. Jumatatu mwalimu yuko peke yake mbele ya kompyuta. Kitufe anajua kilipo, ila hajui akibonyeze lini na kwa nini.

Sisemi vitufe havina maana. Mwalimu mgeni lazima avijue. Lakini hayo ni mambo ya video fupi ambayo mtu anaweza kuirudia usiku akiwa amekwama. Philip Guo na wenzake walichambua takriban mara milioni 6.9 ambazo watu walitazama video za masomo kwenye jukwaa la edX, na mwaka 2014 wakaripoti kwamba video zilizowashika watazamaji vizuri ni zile zisizozidi dakika 6. (Habari hiyo, kwa namna ya kuchekesha, huwa tunasomewa katikati ya wasilisho la saa mbili.)

Kinachotukwamisha kiko kwingine. Nitakuonyesha kwa kipindi kimoja cha hisabati nilichokishuhudia nikiwa mtazamaji tu, somo likiwa kujumlisha sehemu. Mwalimu alionyesha mifano miwili, safi kabisa, kisha akauliza, “Tumeelewana?” Ndani ya chumba cha kawaida swali hilo, hata likijibiwa kwa “ndiyooo” ya pamoja, mwalimu anaona ukweli kwa macho yake: yule anachungulia daftari la jirani, yule amekunja uso, yule kalamu imesimama. Pale alichokiona ni miraba myeusi yenye majina. Watatu wanne wakaandika “ndiyo”. Akaendelea mbele. Ungekuwa wewe ungefanya nini kingine?

Baada ya kipindi, mwenzetu mzoefu aliyekuwa naye anatazama alimpa pendekezo moja tu. Uliza swali lenye jibu, mwambie kila mwanafunzi aandike jibu lake kwenye kisanduku cha ujumbe, lakini mtu asitume mpaka utakaposema “tuma”. Kipindi kilichofuata swali lilikuwa 1/2 + 1/3. Kimya cha muda, watu wanaandika. “Tuma.” Majibu yakamwagika kwa mkupuo. 5/6 zilikuwepo, lakini 2/5 zilikuwa nyingi kuliko hizo, nyingine zikitoka kwa wale wale wa “ndiyo”: wamejumlisha namba za juu, wamejumlisha na za chini. Hakuna aliyepata nafasi ya kunakili kwa mwingine, na hakuna aliyeaibika peke yake, kwa kuwa waliokosea walikuwa wengi. Mwalimu akaacha andalio lake pembeni, akauliza: nusu peke yake ni kubwa kuliko 2/5, sasa inakuwaje ukiiongezea kitu ipungue? Hapo maikrofoni zikaanza kufunguka.

Kitufe kilichotumika ni cha kutuma ujumbe, ambacho kila mtu alikijua tangu siku ya kwanza. Ushauri ule usingetoka kwenye semina yoyote, kwa sababu mwezeshaji wa semina hakuwepo kusikia ile “tumeelewana” ikipotelea hewani.

Najua utaniuliza ushahidi uko wapi, na ni haki yako. Mwaka 2018 Matthew Kraft, David Blazar na Dylan Hogan walikusanya tafiti 60 kuhusu walimu wanaosaidiwa darasani mwao na mlezi, yaani mtu anayewatazama wakifundisha kisha akawashauri. Ufundishaji uliboreka kwa kiasi kikubwa. Alama za wanafunzi nazo zilipanda, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Sehemu kubwa ya tafiti hizo ilihusu usomaji kwa wanafunzi wadogo, kwa hiyo sitadai kwamba zinathibitisha kila kitu kuhusu darasa la fizikia la mtandaoni. Lakini mambo mawili ndani yake yanatuhusu moja kwa moja. La kwanza, ulezi uliofanywa kwa njia ya mtandao haukuonyesha tofauti ya maana na ule wa ana kwa ana. Maana yake mlezi mmoja anaweza kuhudumia shule zilizo mbalimbali bila nauli wala malazi. La pili halipendezi sana: programu zilipopanuliwa zikachukua walimu wengi, manufaa yalipungua. Ndiyo maana siombi mpango wa nchi nzima kwa mara moja. Ukitoa waraka kesho unaoitaka kila shule iwe na mlezi, kesho kutwa kila mkuu wa shule atajaza jina la mtu kwenye fomu, na hapo tutakuwa tumerudi kulekule kwa njia ndefu.

Mlezi huyo awe nani? Awe bado anafundisha mtandaoni. Hili nalisisitiza kwa sababu nafasi za namna hii zina tabia ya kwenda kwa watu walioacha chaki zamani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu ambaye hajawahi kufundisha huku nusu ya wanafunzi wakisikia sauti tu kwa sababu bando haliruhusu video, au huku mmoja akitoka na kurudi kila dakika tano kwa sababu ya mtandao, atamshauri mwalimu vitu vya kwenye kitabu. Atasema “waambie wawashe kamera”. Mwenye uzoefu anajua kwamba kamera iliyozimwa ina sababu nyingi: simu ni ya mzazi, chumba kina watu, mtoto anaona haya na anapoishi, au bando ndilo linakwisha. Atamsaidia mwalimu kupanga somo linaloweza kufuatwa kwa sauti na maandishi peke yake, kisha video iwe nyongeza.

Na mlezi asiwe mkaguzi. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo mipango mizuri inapofia.

Darasa la mtandaoni linarekodiwa kirahisi mno. Katika chumba cha matofali, mkaguzi akija tunamwona, na akiondoka ameondoka. Mtandaoni, mtu mwenye ruhusa anaweza kufungua kipindi cha wiki iliyopita akiwa ofisini kwake, akakisimamisha pale mwalimu alipobabaika, akakirudisha nyuma. Walimu wanalijua hilo, na wanafundisha kama watu wanaojua hilo: wanasoma slaidi neno kwa neno, hawathubutu kujaribu kitu kipya, hawatanii, hawamwachi mwanafunzi afikirie kwa kimya kirefu maana kwenye rekodi kimya kinaonekana kama uzembe. Sasa ukimleta mlezi ambaye jioni anaandika ripoti kwa mkuu wa shule, mwalimu atamwandalia kipindi cha maonyesho na mlezi atasahihisha maonyesho. Kile kipindi chenyewe, kile chenye matatizo, hatakiona kamwe.

Kwa hiyo naomba kanuni iandikwe waziwazi kabla mlezi wa kwanza hajateuliwa. Rekodi itakayotumika kwa ulezi iwe mikononi mwa mwalimu mwenyewe. Yeye ndiye achague sehemu ya kuitazama na mlezi, na ifutwe baada ya mazungumzo, maana sura na sauti za watoto zimo humo pia. Aliyoyaona mlezi yasiingie kwenye tathmini ya utendaji, kwa heri wala kwa shari. Ukaguzi uendelee kwa njia zake, na watu wake wengine. Nimewasikia watu wa utawala wakisema hilo ni kupoteza taarifa muhimu. Sawa, mtazipoteza. Lakini taarifa hizo mnazozililia hamnazo hata leo. Mnachopata ni vipindi vya maonyesho.

Jambo la muda sitalirefusha, ila haliwezi kuachwa. Kufundisha mtandaoni kunahesabiwa kwa vipindi kwenye ratiba, wakati kazi yenyewe imemwagika nje ya ratiba: kurekodi, kupunguza ukubwa wa faili ili lifunguke kwenye simu, kusahihisha picha za madaftari zilizopigwa gizani, kujibu ujumbe saa nne usiku. Uchovu wake nao ni wa aina yake. Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika mwaka 2021 kuhusu sababu nne za uchovu wa mikutano ya video: nyuso zinazokukodolea kwa karibu kupita kawaida, kujiona mwenyewe kwenye skrini muda wote, kukaa pasipo kusogea, na akili kufanya kazi ya ziada kutuma na kusoma ishara za mwili. Mwalimu wa vipindi vitano mfululizo anayo yote, ila mahali pa nyuso anayo miraba myeusi, ambayo sijui kama ni nafuu. Ulezi ukiongezwa juu ya mzigo huu bila kupunguza kitu, walimu wataukwepa, na watakuwa na haki. Mazungumzo na mlezi yawe ndani ya saa za kazi, kwenye ratiba, yakiwa na jina lake.

Kuna na hili ambalo sijawahi kulisikia kwenye semina hata moja. Mwanafunzi anamwandikia mwalimu ujumbe wa faragha usiku, anasema nyumbani anapigwa. Au wakati wa kipindi maikrofoni imebaki wazi na darasa zima linasikia ugomvi. Mwalimu afanye nini katika dakika ile? Amjulishe nani, kwa namba ipi, aandike nini na asiandike nini? Mtandao umetuingiza majumbani mwa watu bila mtu kutuambia tukiona jambo tubishe mlango gani. Hili halihitaji hata bajeti. Linahitaji ukurasa mmoja wa maelekezo na mtu anayepokea simu.

Sikatai kwamba mwaka 2020, wakati wa janga la korona, hakukuwa na njia nyingine. UNESCO ilihesabu zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 waliofungiwa shule duniani, na walimu walihamia mtandaoni ndani ya siku chache kwa kile walichokuwa nacho. Semina za vitufe zilikuwa jibu la haraka kwa dharura. Dharura imekwisha, mafunzo yake yamebaki. Walioifanya elimu ya masafa kuwa kazi yao hawakuwahi kumwacha mwalimu peke yake namna hii: Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 1971, kilikuwa na timu za kuandaa kozi, watu wa matangazo ya redio na televisheni, na wakufunzi waliokuwa karibu na wanafunzi. Sisi kazi zote hizo anazo mtu mmoja, naye ndiye pia fundi wa mitambo.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, chagua shule chache kwa muhula mmoja. Chagua zile zenye mtandao mzuri na zile zenye mtandao wa kubahatisha, usichague zile zenye uongozi unaopendeza tu. Wape walezi wachache, mmoja kwa idadi ya walimu anayoweza kuimudu kweli, na uwapunguzie vipindi. Kisha mwisho wa muhula usihesabu vyeti. Waulize walimu wamebadilisha nini na waonyeshe, tazama kazi za wanafunzi za mwanzo na za mwisho, na utangaze matokeo hata kama hayatakufurahisha.

Kalenda ya mafunzo ya mwaka ujao bado haijatoka. Kabla hujaisaini, naomba utujibu hadharani kama nilivyoandika hadharani: ni kiasi gani kilitumika kwa semina za mtandaoni mwaka uliopita, ni mwezeshaji yupi aliyerudi kumtazama mwalimu aliyemfundisha akiwa darasani, na ni nani katika ofisi yako tunayeweza kumpelekea majina ya walimu walio tayari kuwa walezi? Majina tunayo.

Wako katika kazi,

Mwalimu wa hisabati, darasa la mtandaoni