Falsafa ya sheria ilipita Lumumba pia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Mjukuu wangu anasoma sheria chuo kikuu. Likizo hii nimepitia madaftari yake ya falsafa ya sheria: wanafalsafa wa Ulaya na Marekani, Austin, Kelsen, Hart, Dworkin. Dar es Salaam haikutajwa hata mara moja, na jambo hilo limeniuma.

Mwanafalsafa wa sheria William Twining alizaliwa Kampala mwaka 1934. Baba yake, Edward Twining, ndiye aliyekuwa Gavana wa Tanganyika kuanzia 1949 hadi 1958. Kijana William alihudhuria mihadhara ya Hart huko Oxford, akasoma Chicago kwa Karl Llewellyn, msomi wa sheria wa Marekani, akafundisha Khartoum. Mwaka 1961 akaja kuwa miongoni mwa walimu wa mwanzo wa sheria Dar es Salaam, chuo kikiwa bado kwenye jengo la TANU, mtaa wa Lumumba. Mtoto wa gavana, anawafundisha vijana watakaoendesha mahakama za nchi huru! Aliondoka 1965, akawa profesa Belfast, Warwick, kisha London. Mwaka 1970 yeye na Robert Stevens walianzisha mfululizo wa vitabu unaotaka sheria isomwe pamoja na maisha ya watu inaowagusa. Mwenyewe ameandika kwamba Khartoum na Dar es Salaam ndiko alikoanza kufikiri hivyo.

Nami namwelewa. Nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo huku Kagera, na mezani nilikuwa na Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, lililoandika sheria za mila za urithi. Kanuni ya 20 ilisema mwanamke atatumia ardhi ya ukoo lakini hataiuza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, akaamua katika shauri la Holaria Pastory, mama wa Kihaya, kwamba anayo haki ya kuuza kama mwanamume. Wazee washauri wangu walinijia juu: mila ni yetu, jaji ameipata wapi mamlaka ya kuigeuza? Swali hilo Hart alilihangaikia maisha yake yote.

Sisemi Hart asisomwe. Naomba wakuu wa vitivo vya sheria waongeze kitabu cha Twining cha 1964 kuhusu nafasi ya sheria za mila Afrika Mashariki, na kando yake hukumu ya Mwalusanya, kisha wanafunzi waachwe wabishane.

Hakimu mstaafu,
Muleba, Kagera